Wavuta biri mnaovaa suti za kushonesha, mnafanyaje koti lisinuke moshi?

KotiMoja:

Wakuu, salaam.

Nitangulie kusema sitafuti ushauri wa kuacha. Naongelea biri, ile nene ya majani matupu ya tumbaku, si sigara ya karatasi. Navuta tatu kwa wiki, zikizidi nne, na kila moja inanichukua karibu saa nzima. Upande wa pili nina suti nne, zote nimepimwa kwa fundi, tatu za sufu na moja ya kitani. Kazi yangu hainipi nafasi ya kuvaa kitu kingine.

Jumatatu nimeingia kwenye lifti, mama mmoja wa idara nyingine akaingia nyuma yangu. Hakusema neno. Alisogea hatua moja, akasogea ya pili, mpaka mkoba wake ukagonga ukuta. Nilikuwa nimeoga, shati safi, manukato ya kutosha. Koti tu ndilo lilikuwa la Ijumaa. Nilipofika mezani nikalivua nikalinusa, sisikii kitu. Nikampelekea dada wa mapokezi, tumezoeana, nikamwambia nusa hapa kwenye kola uniambie ukweli. Alilisogeza puani, akalirudisha hapo hapo. "Kaka, haya ni majivu yaliyolowa halafu yakapakwa maua."

Nilichojaribu mpaka sasa: kupulizia manukato, hayo ndiyo maua aliyoyasema. Kuanika juani kutwa nzima, koti la bluu iliyokolea likapauka bega la upande uliotazama jua, la pili limebaki na rangi yake. Kupeleka draiklini kila wiki, na sasa viwiko na makalio yanang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Pia nimejaribu kufungia suti ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipoufungua, nisiseme.

Nisaidieni kabla sijaanza kupanda ngazi.

Simba_Mpole:

Acha biri. Uzi ufungwe.

KotiMoja:

Mstari wa kwanza kabisa niliandika, mkuu.

Nyuzi_Mbili:

Naweka kambi hapa. Mimi navaa hijabu na koti la ofisini, sivuti chochote, ila nakaa gari moja na mvutaji kila siku. Ngoja waje mafundi.

MzeeWaBitana:

Nimekaa kwenye cherehani miaka mingi na suti za wavutaji nimezifumua nyingi, kwa hiyo nitakwambia kinachoonekana ndani ukifungua bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Sponji la bega la koti la mvutaji huwa na rangi ya chai. Hapo ndipo penye tatizo lako. Harufu usiifikirie kama hewa iliyopita ikaacha kumbukumbu. Moshi una chembe ndogo za lami na mafuta, una nikotini, una mvuke wa kemikali unaogeuka kuwa utando pale unapogusa kitu cha baridi. Umevaa uchafu, ila ni uchafu usioonekana.

Biri ni mbaya kuliko sigara kwa sababu mbili. Majani yake yamechachushwa, hivyo moshi wake una amonia nyingi zaidi, ndiyo ile inayochoma pua. Na inawaka muda mrefu. Saa nzima umekaa katikati ya wingu umevaa kitu kinachokunywa.

Maana sufu inakunywa. Ni nywele ya kondoo, na inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaanza kuuhisi kwa mkono. Sifa hiyo ndiyo inayofanya suti ya sufu isikubane jasho, na ndiyo hiyo hiyo inayokuponza. Usiku wenye unyevu koti linavuta maji ya hewani pamoja na kila kilichomo. Asubuhi likipata joto la mwili wako linaanza kuyaachia, na harufu inatoka nayo. Ndiyo maana nyumbani uliliona safi, ndani ya lifti likakuumbua.

Sasa tumia mlango huo huo kuitoa. Usiku ule ule uliovuta, kabla hujakaa, toa vitu vyote mifukoni. Kama biri ilikuwa mfuko wa kifuani, geuza mfuko nje, kuna vumbi la majani mle. Tundika koti kwenye hanga pana ya mbao, ile yenye mabega, vifungo wazi, kola imenyanyuliwa. Suruali ining'inie kwa pindo la chini, kiuno kikiwa chini. Chukua brashi ya manyoya ya farasi au ya nguruwe, usitumie ya plastiki, upige kwanza kwa kupanda juu uamshe vumbi, kisha ushuke taratibu kufuata ulazaji wa kitambaa. Kola kwa nyuma, chini ya kola ya kifuani, na mapindo ya mikono, hapo usiharakishe. Ukimaliza gonga brashi kwenye karatasi nyeupe uone kilichotoka.

Kisha mvuke. Mashine ndogo ya mkono inatosha, ishike mbali kidogo na kitambaa, ipite tu, usiigandamize. Anza na bitana kwa ndani, maana watu wanasahau bitana na ndiyo iliyokuwa kwenye jasho lako. Ukimaliza, koti likae kwenye kivuli chenye upepo, dirisha wazi, au feni ikipuliza kutoka upande, saa 24 kamili. Saa 48 ni bora zaidi. Jua umeshaona lilichofanya.

Tahadhari moja. Kama kifua cha koti kimeshikizwa kwa gundi badala ya kanvasi, kitambaa kigumu cha katikati, iliyoshonwa kwa mkono, mvuke mwingi utaachanisha gundi na utaona malengelenge kifuani. Hayo hayatoki tena. Finya kitambaa karibu na kifungo cha chini, vuta pande mbili. Ukisikia tabaka la tatu linateleza katikati, una kanvasi, endelea. Kama yamegandana kitu kimoja, mvuke uwe wa mbali na mfupi.

Draiklini_Hapana:

Mzee umenena. Na mimi nikazie hapo kwa draiklini. Wengi wao wanatumia kiyeyusho kinachoitwa perkloroethilini, kinaondoa mafuta vizuri sana, yakiwemo yale machache yaliyobaki kwenye sufu yanayoifanya iwe hai. Lakini kinachoua suti haraka zaidi ni pasi ya mwisho. Wanaigandamiza na mashine nzito mpaka manyoya yanalala moja kwa moja, ndiyo huo mng'ao wa makalio. Mimi kuna dobi alinirudishia koti, kola ya kifuani ambayo fundi aliiviringisha kwa mkono imepigwa pasi ikawa bapa kama bahasha. Nilikaa nayo nusu saa natazama tu.

Suti ikiwa na doa, peleka. Ikiwa inanuka tu, mara mbili kwa mwaka inatosha, na mwambie kwa mdomo: usafishe, pasi usiguse.

Kasuku77:

Mbona mnazunguka? Chukua magadi, nyunyizia koti zima, acha usiku, kung'uta asubuhi. Bibi yangu alifanya hivyo.

MzeeWaBitana:

Kasuku, tuliza mshono. Magadi yapi? Magadi ya kufulia ni kali, na sufu ni protini kama nywele zako. Magadi makali yenye unyevu yanaila. Labda unasema bikaboneti, ile laini inayoumulia keki. Hiyo ni tofauti, lakini hata hiyo usiinyunyizie juu ya koti jeusi, inaingia kwenye mishono utaitafuta mwaka mzima. Iweke bakulini, funga bakuli na koti ndani ya mfuko wa kitambaa. Mkaa wa kuchujia maji, ule uliofanyiwa kazi ukawa na vitundu vidogo, unafanya hivyo vizuri zaidi. Siku tatu. Lakini hiyo ni baada ya brashi na mvuke. Mkaa unanasa kilichotoka hewani, hauwezi kwenda kukichomoa kwenye kitambaa.

Kasuku77:

Haya fundi, nimenyamaza. Bibi alikuwa anafanyia zulia, nimekumbuka sasa.

Nyuma_ya_Pazia:

Mimi nafanya kazi ya mavazi ya jukwaani. Mavazi yetu mengi hayafuliki, yana shanga, yana rangi zinazochuja, na mwigizaji analitoa jasho vazi lile lile jioni sita mfululizo. Dawa yetu ni vodka. Ile ya bei ya chini kabisa isiyo na ladha wala sukari, kwenye chupa ya kupuliza, wengine wanachanganya na maji nusu kwa nusu. Unapuliza ukungu mwembamba kwa ndani, kwapani na kwenye kola, unaacha ikauke kwenye upepo. Spiriti inapunguza vijidudu vya jasho na inapokauka inaondoka na sehemu ya harufu. Haiachi manukato, na huo ndio uzuri wake.

Lakini niseme ukweli wangu: kwa jasho inafanya maajabu, kwa moshi wa tumbaku inapunguza tu. Lami haitoki kwa ukungu. Na kabla ya yote, jaribu kwenye pindo la ndani lisiloonekana. Hariri inashika alama ya maji, na bitana ya asetati rangi yake inaweza kukimbia ikikutana na spiriti.

Zile dawa za kupuliza za dukani zinazodai kumeza harufu, baadhi zina kitu kinaitwa saiklodekstrini, kinatokana na wanga, chembe yake ina umbo la pete na harufu inajificha katikati. Zinafanya kazi kweli. Shida ni kwamba watengenezaji wanaongeza manukato juu, ukarudi kwenye maua ya dada wa mapokezi.

Mtumishi_K:

Vipi mashine za ozoni? Jirani anayo, anasema dakika thelathini tu kabatini.

Draiklini_Hapana:

Ozoni inafanya kazi, ndiyo wanayotumia kusafisha nguo zilizookolewa kwenye nyumba zilizoungua. Inavunja kemikali za harufu badala ya kuzifunika. Lakini inavunja na mapafu yako usipoangalia, inakausha mpira wa kiunoni na inaweza kufifisha rangi. Hiyo mwachie mwenye chumba chake maalumu. Usifungue kitu hicho kwenye kabati la chumba unacholala.

Bwana_Mahameli:

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja suluhisho ambalo wavutaji wenyewe walilipata zamani. Mnahangaika kusafisha suti. Waingereza wa karne ya 19 waliamua suti isiingie kwenye moshi kabisa. Tumbaku ilipozidi kupendwa kwao, hasa baada ya Vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856, mwanamume wa kitajiri akimaliza chakula alivua koti lake la jioni, akavaa koti la kuvutia, la mahameli au hariri yenye pamba katikati, akaingia chumba cha kuvutia. Na kofia ndogo juu ya nywele, ili akirudi kwa wageni wengine asinuke kichwani. Mahameli ilichaguliwa kwa sababu inameza moshi na majivu. Lilikuwa dodoki la mwilini, kwa maneno mengine, limepambwa kwa kamba za dhahabu.

Hata neno limebaki. Wafaransa na Wajerumani mpaka leo suti nyeusi ya jioni wanaiita "smoking". Washonaji Henry Poole wa Savile Row, London, wanasimulia kwamba mwaka 1865 walimshonea mwana wa malkia, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, koti fupi la jioni lisilo rasmi, na hapo ndipo ukoo wa koti hilo ulipoanzia.

Mimi nina la kwangu, si la mahameli licha ya jina langu humu. Ni koti la pamba nzito, refu mpaka nusu paja, linafuliwa kwenye mashine. Linakaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibarazani. Nikifika natundika suti chumba kingine, mlango nafunga, navaa koti la moshi na suruali kuukuu. Nikimaliza, naoga na nywele, ndipo nagusa suti tena. Miaka minne sijawahi kunusa kola yangu kwa hofu.

KotiMoja:

Mkuu hii imeniingia. Swali: nikialikwa kuvuta sehemu nyingine je? Siwezi kutembea na koti la pamba mkononi kama mganga.

Bwana_Mahameli:

Vua koti la suti liache ndani ya gari, kwenye buti, siyo kiti cha nyuma. Kaa upande upepo unapotokea, moshi uende mbele yako. Usikae kona. Na usimalizie gari madirisha yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile, maana hapo unajivutisha mara ya pili.

Nyuzi_Mbili:

Na nywele jamani! Na ndevu! Nimekuwa nafua koti langu nikidhani ndilo, kumbe kitambaa cha kichwa. Kola ya nyuma inapokea kila kinachotoka kwenye nywele. Hata ukisafisha suti vipi, ukivaa na kichwa cha jana umeanza upya.

Pima_Kata:

Mkija kushonesha nyingine, ongeeni na fundi kuhusu kitambaa mapema. Mimi nanunua vitambaa kwa ajili ya wateja na tofauti ni kubwa. Flaneli na mahameli, kitambaa chochote chenye manyoya yaliyosimama, kinashika moshi kama sponji. Sufu ya nyuzi zilizosokotwa sana na kufumwa wazi wazi, ile ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili, upepo unapita na moshi unapita nao. Ukiitundika usiku mmoja imerudi. Haikunjiki ovyo pia. Mwambie koti lisiwe na bitana nzima, nusu mgongo inatosha. Na ushonewe suruali mbili kwa koti moja, maana suruali ndiyo inayochoka kwanza kwa kupumzishwa vibaya.

Msiende poliesta kwa kudhani ni rahisi kufua. Mafuta ya moshi na jasho yanaipenda poliesta kuliko maji yanavyoipenda. Halafu cheche. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 na ushee za Selsiasi, inashika ngozi. Sufu haiyeyuki, inahitaji karibu nyuzi joto 570 mpaka 600 ishike moto, na mara nyingi inajizima yenyewe. Kaa la biri likidondokea sufu unapata alama ya kuungua, ukiwahi. Likidondokea poliesta unapata tundu lenye ukingo mgumu.

Mtumishi_K:

Kuhusu jivu, mimi lilinidondokea pajani zima zima, kipande kama kidole. Nikalifuta kwa kiganja. Mstari wa kijivu mpaka gotini.

MzeeWaBitana:

Jivu halifutwi. Simama, acha lidondoke lenyewe, kinachobaki pulizia kwa mdomo, kisha brashi baada ya kuwa limepoa na limekauka. Ukishalipangusa na kiganja chenye jasho umelipaka. Na maji usilipe, jivu likilowa linakuwa la magadi magadi. Kwa tundu dogo la cheche usitupe suti. Kuna mafundi wanachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani la suruali hiyo hiyo na kulifuma tundu uzi kwa uzi. Ni kazi ya macho na siku nzima, lakini ukirudishiwa utatafuta palipokuwa na tundu usipaone. Ndiyo sababu huwa nawaachia wateja pindo la ziada ndani, na wao huniuliza mbona nimepoteza kitambaa.

Mama_Wawili:

Samahani naingilia. Mume wangu ni mvutaji wa aina hiyo hiyo. Kilichobaki kwenye nguo si harufu peke yake, nikotini yenyewe inakaa kwenye kitambaa na ngozi. Mtoto mchanga anabebwa na koti hilo, anaweka shavu begani, anatia kola mdomoni. Sisi tuna sheria moja tu: hakuna mtoto kubebwa kabla ya kubadilisha nguo na kuoga. Hakupenda mwanzoni. Sasa anavua shati mlangoni bila kuambiwa.

Simba_Mpole:

Nilisema aache mkanicheka.

Draiklini_Hapana:

Hukuchekwa mkuu, ulijibiwa.

Kola_Safi:

Nondo tu wala hawajatajwa. Kuna anayedhani koti lenye moshi haliliwi. Viwavi wa nondo wanakula keratini, na wanachagua kwanza palipo na jasho. Suti ya mvutaji iliyofungiwa kabatini bila kusafishwa inaliwa kwapani kama nyingine yoyote. Mierezi kabatini inapendeza kwa harufu, ila usiitegemee.

KotiMoja:

Narudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Nilianza na suti mbaya kuliko zote, ile ya bluu ya bega lililopauka. Niliipiga brashi na kuigonga kwenye karatasi nyeupe kama mzee alivyosema. Nilidhani ni maneno tu. Ilitoka vumbi la kijivu, na kutoka mfuko wa kifuani vipande vya majani vikavu ambavyo sijui vilikaa humo tangu lini. Mvuke kwa ndani kwanza. Nyinyi hamkunitahadharisha kuhusu dakika zile za mwanzo: mvuke ulipoingia kwenye bitana, harufu iliyotoka ilinifanya mimi mwenyewe, mvutaji, nifungue dirisha la pili. Mara ya kwanza nimejisikia. Feni siku mbili, mkaa siku tatu, nikarudia mvuke. Vodka nimeweka kwapani tu.

Mabega yenye sponji bado yana kitu. Mzee, nadhani hapo pa kufumua.

Koti la kuvutia nimelipata, la pamba ya buluu kama la fundi magari. Linakaa nje kwenye kamba. Wiki ya kwanza nililisahau mara mbili nikavuta na suti, mazoea mabaya. Sasa nimetundika kiberiti ndani ya mfuko wake, kwa hiyo siwezi kuwasha kabla ya kulivaa.

Jana nilimpelekea tena dada wa mapokezi kola. Safari hii hakurudisha haraka. Alinusa, akageuza akanusa ndani. "Hii ni ile ile?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi lete na hizo tatu."

MzeeWaBitana:

Lete mabega nifumue. Usije nayo yamepigwa pasi.